Wino Mwekundu wa Gervas Maziku

Nilipofumbua macho sikujua kama nimefumbua. Huko juu ulikuwa mchana wa jua kali, lakini chini tulikokuwa ni giza tupu. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umelaliwa na gogo, yale magogo ya kuzuia kuta ambayo wachimbaji wanayaita matimba, na mdomo ulikuwa umejaa udongo. Ubavuni kwangu, karibu kiasi cha kumgusa, shemeji yangu Shija, mdogo wake mke wangu, alikuwa anapumua kama mtu anayekunywa uji wa moto.

"Shemeji," akasema, "si ulisema shimo limekaguliwa?"

"Limekaguliwa," nikamjibu.

"Sasa mbona hivi?"

Nikarudia tu kwamba limekaguliwa, kwamba kibao ni chetu, kwamba herufi zile nimezipanga kwa mkono wangu. Nafikiri niliendelea kumwambia hivyo hata baada ya yeye kuacha kupumua. Walionitoa wanasema walinikuta naongea.

Sasa ninyi vijana wa steshenari pale sokoni hamkuniomba habari za shimo. Mliniomba niwaandikie kazi ya chapa ilivyokuwa kabla ya kompyuta, na majina ya vitu vyake, maana mnasema yanapotea. Nitawaandikia. Lakini kazi yangu na shimo lile vimeshikana, na mimi mwenyewe sijui pa kuvitenganisha. Mnisamehe nikichanganya.

Niliingia kiwanda cha chapa cha mzee Maziku, Shinyanga mjini, nikiwa nimemaliza darasa la saba na kufeli kwa heshima. Nilitoka Ngokolo kwa miguu asubuhi na shati la kuazima. Aliyenipokea hakuwa mwenye kiwanda. Alikuwa fundi mkuu, Mzee Mwinshehe, Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, kucha zake nyeusi mpaka kwenye nyama.

"Shikamoo."

"Marahaba. Msukuma wewe?"

"Ndiyo mzee."

"Afadhali. Nimepata mtani wa kumtuma. Onyesha mikono." Akaigeuza kama mtu anayenunua ndizi. "Hii ya jembe. Itabidi tuifundishe adabu. Kusoma unajua?"

"Najua."

"Basi sahau. Hapa tunasoma kinyume."

Kweli. Herufi zetu zilikuwa za madini ya risasi, moja moja, na kila moja imegeuka kama unavyojiona kwenye kioo. Mzee alinifundisha herufi kwa viungo vya mtu. Ina uso, ndio unaopata wino. Ina bega, hilo halipati wino, na likipata umeharibu. Ina mwili, ina mguu, na tumboni ina mkato mdogo unaoupapasa kwa dole gumba ujue imesimama sawa bila kuitazama. Mpaka leo gazeti nalisoma likiwa limepinduliwa, mke wangu anadhani naringa.

Herufi zinakaa kwenye kesi, yaani sanduku bapa lenye vijumba, kila herufi na chumba chake. Kesi zilitoka Ulaya zikiwa na chumba kikubwa cha E, maana huko wanakula E kama ugali. Sisi Waswahili tunakula A. Mzee alikwisha kuihamishia A kwenye jumba la E, na hata hivyo haikutosha. Ukipanga kurasa za katiba ya chama cha ushirika, ukifika katikati A zimekwisha. Basi unapiga ukurasa wa kwanza, unauvunja, unazirudisha A nyumbani kwao, ndipo unaendelea na wa pili. Mtu akiuliza kwa nini kitabu chake kinachelewa, tunamwambia tunasubiri A. Wengi walidhani tunawatania.

Unapanga mstari kwenye stiki, kichuma cha kushika mkono wa kushoto. Mistari ikitosha unaifunga kwenye fremu ya chuma kwa kabari mpaka uweze kuinyanyua bila kitu kuanguka. Ikianguka, zile herufi zilizotapakaa sakafuni tuliziita makande. Anayemwaga ndiye anayeyachambua, wenzake wakila chakula cha mchana. Mimi nilichambua makande mengi kuliko niliyokula.

Kisha mashine. Tulikuwa na treda, mashine ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani, inayofunguka na kufumba kama mdomo wa kiboko. Unatia karatasi inapofunguka, unatoa mkono kabla haijafumba. Sitaongeza neno. Rangi moja tuliiita mkono mmoja. Kazi ya rangi mbili ni mikono miwili: unapiga nyeusi kwanza, unasubiri ikauke, unafunga fremu nyingine, unapiga nyekundu juu ya karatasi zilezile. Neno hili la mkono mlishike, maana nitalihitaji mbele.

Na kulikuwa na kung'ata. Herufi ikigandamiza karatasi inaacha shimo dogo, hilo ndilo kung'ata. Mwenye kiwanda hakupenda, alisema kunakula herufi. Lakini kwenye kadibodi nene, kwa zile herufi kubwa za mti tulizotumia kwa matangazo, Mzee Mwinshehe aliacha zing'ate. Alikuwa ananifumba macho kwa kitambaa cha kufutia wino, ananipa kadi, ananiambia soma kwa kidole. Nikikosea ananiita mkulima.

La mwisho ni kamba ya jua. Nyuma ya kiwanda ilikuwepo kamba ya kuanikia, na juu yake zilining'inia karatasi ndefu zenye rangi, kila moja nusu yake imefunikwa na kipande cha bati. Kila kopo jipya la wino mwekundu lazima lipite pale kabla halijatumika kwa tangazo la nje. Ukifunua bati, ukakuta upande wa kivulini ni mwekundu na upande wa jua umekuwa kama chai ya maziwa, kopo hilo linaandikwa harusi. Ni la kadi za ndani. Nyekundu za harusi na nyekundu za jua zikifunguliwa zinafanana kama watoto pacha. Ukitaka kuzijua, uziache juani. Nyeusi haina shida hiyo, nyeusi ni masizi, jua halina la kuifanya.

Hayo ndiyo niliyofundishwa, au ndiyo ninayokumbuka kufundishwa. Nitawaambia kwa nini nasema hivyo.

Mzee Maziku alipofariki, mwanawe Gervas alirithi. Namtaja kwa jina, Gervas Maziku, na sitafuta. Alileta kompyuta na mashine ya kichina ya rangi, akaiweka chumba cha mbele chenye feni. Sisi wa risasi tukabaki nyuma na panya. Mzee Mwinshehe alirudi kwao Kisarawe, akaniachia stiki yake na maneno haya: "Mtani, usiruhusu wakuharakishe." Rahisi kusema ukiwa umeshapanda basi.

Ndipo akaja Deo Kabadi. Huyu alikuwa katibu wa kikundi cha wenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, kwenye machimbo fulani ya upande wa Geita, ukiishika barabara ya Chato. Walikuwa wamepita shimo hadi shimo na kuandika lipi zima na lipi bovu. Alitaka vibao vya kutundika kila mdomo wa shimo, vya kadibodi nene, vipakwe vanishi. Mashine ya kichina ilikataa kumeza kadibodi ile. Gervas akakumbuka kwamba ana watu nyuma.

Alichoagiza Deo kilikuwa hivi. Juu, kwa nyeusi, vibao vyote: SHIMO HILI LIMEKAGULIWA. Chini yake, kwa mashimo mabovu, kwa nyekundu: HALIFAI. USIINGIE. Na kwa mashimo mazuri, kwa kijani: LINAFAA.

Nilipanga nyeusi mwenyewe kwa herufi za mti. G yetu kubwa ilikuwa na pengo mdomoni, iliwahi kuanguka. Nikapiga mkono wa kwanza kwenye vibao vyote. Gervas akaja na Deo kuangalia, wanakunywa soda.

"Kijani cha nini?" Gervas akauliza. "Hiyo ni mikono mitatu. Fremu nyingine, kuosha mashine, kusubiri. Yaliyo mazuri si yaachwe hivyohivyo? Limekaguliwa. Basi."

Deo akafikiri kidogo. "Kweli. Mtu akiona limekaguliwa, na hapana neno baya, si anaelewa?"

"Anaelewa," Gervas akasema.

Mimi nikasema, "Bosi, sasa zuri na bovu vitatofautiana kwa nyekundu peke yake."

"Ndiyo kazi ya nyekundu, Masele. Kwani ulidhani kazi yake nini?"

Wakacheka. Kopo la nyekundu Gervas alilitoa kwenye gari lake. Halikuwa na karatasi ya jina. Alilinunua stendi, kwa mtu wa kupita. Nikamwambia hili hatujalianika.

"Unaanika wino au unaanika mihogo?"

"Tunaanika. Mzee Mwinshehe..."

"Mzee Mwinshehe yuko Kisarawe anakula embe. Deo anaondoka na vibao, wewe unataka kuanika. Piga."

Nikapiga. Nyekundu ilikaa vizuri, iling'aa, iling'ata vizuri kabisa. Nilisimama nikaitazama nikaona fahari, siwezi kuwadanganya. Vibao vikaenda.

Baada ya hapo kiwanda cha nyuma hakikukaa sana. Gervas aliuza risasi yote kwa kilo. Ilikwenda Chato, ikayeyushwa kuwa vizito vya nyavu. Ukila sangara kutoka huko, huenda amevuliwa na katiba ya chama cha ushirika. Treda ilikatwa vyuma chakavu. Mimi nikaambiwa nimestaafu. Sikujua kama mtu anaweza kustaafishwa akiwa bado hajazeeka, lakini nikaambiwa inawezekana.

Shija ndiye aliyenichukua. Alikuwa huko machimboni na wenzake wawili, na walikuwa wamepewa duara ambalo mwenyewe wa zamani alihama. Akanipigia simu. "Shemeji, njoo. Utavuta kamba tu, chini hushuki. Na uje utazame, kuna kibao chenu huku."

Nilifika. Kibao kilikuwa kimepigiliwa kwenye nguzo kando ya shimo, kimekula jua la kiangazi na vumbi jekundu la kule. Maneno meusi yalisimama imara: SHIMO HILI LIMEKAGULIWA. Chini yake nafasi tupu na vumbi. Nikaiona G yenye pengo. Jamani, nilifurahi. Ilikuwa kama kumkuta mtu wa kwenu ugenini.

"Ndicho chenu?" Shija akauliza.

"Hii G ni yangu kabisa."

"Wenzangu wanabisha. Wanasema huyu wa zamani hakuhama bure. Mimi nikawaambia subirini, shemeji yangu ndiye aliyeandika."

Mmoja wa wenzake, aliyekuwa anakoroga uji, akasema, "Muulize alikagua yeye?"

"Sikukagua," nikasema. "Nilipiga chapa. Lakini najua vilivyo. Vibovu viliandikwa chini kwa nyekundu, usiingie. Hiki hakina. Hiki ni cha shimo zima."

"Umesikia?" Shija akamwambia mwenzake. "Nyinyi mnasoma simu, mwenzenu anasoma risasi."

Tukafanya kazi. Nilivuta kamba na viroba vya mawe, siku nyingine nilishuka kusaidia, maana mtu hawezi kukaa juu wakati wenzake wanahema. Siku ile wale wawili walikuwa wamekwenda kusaga mawe, tulishuka mimi na Shija. Lililotokea mmeshalisoma mwanzo.

Mguu wangu haukukatwa, ila umekuwa wa mapambo. Nilipoweza kusimama kwa magongo nilirudi kule na kukiomba kile kibao. Wakanipa, hakuna aliyekitaka. Nikakiosha kwa maji taratibu, nikakiweka juani kwa ubavu. Hapakuwa na kitu pale chini. Weupe, na kadoa ambako kangeweza kuwa maji ya mvua. Nikafumba macho nikapapasa.

Nikasoma U. Nikasoma S. Nikasoma I, na I nyingine. Juu yake nikasoma F. Nilikaa chini palepale.

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa, na ningependa mtu mwenye akili anisaidie. Nilikipeleka kwa Deo Kabadi. Nikamshika mkono, nikamwambia papasa hapa. Akapapasa.

"Masele, mimi sisikii kitu."

"Papasa polepole."

"Kadibodi imevimba kwa mvua. Hivi ni vijivimbe tu." Akafuta vidole kwenye suruali. "Pole sana kwa shemeji yako. Lakini hicho ni kibao cha shimo zuri. Ardhi imetembea tu, mvua zilizidi."

"Daftari lenu la ukaguzi linasemaje?"

"Lilikuwa kwa mwenyekiti wa zamani. Alihama."

Kule kila mtu alihama, isipokuwa Shija.

Nikaenda kwa Gervas. Alinikaribisha vizuri, akaagiza chai. Hakutaka hata kukigusa. "Mimi napiga chapa, sichimbi," akasema. "Na hata kama nyekundu imepauka, rangi zote zinapauka. Nguo yako imepauka. Utamshitaki fundi cherehani?"

"Nilikwambia tuianike."

"Kuianika? Masele, kitu gani hicho? Baba yangu aliendesha kiwanda kile maisha yake yote, sijamsikia hata siku moja akisema habari za kuanika wino."

Nikampigia simu Mzee Mwinshehe, Kisarawe, mbele ya Gervas, nikaweka sauti ya nje. Nilifurahi kusikia bado yupo. Tukataniana kidogo. Nikamuuliza, "Mzee, ile kamba ya nyuma ya kiwanda, ya kuanikia nyekundu, unaikumbuka?"

Kuku walikuwa wanalia kwake. "Kamba? Ile nilikuwa naanika shati langu, mtani. Wali ulipikwa hapohapo nyuma."

"Mzee, na lile bati?"

"Bati gani?"

Gervas alinywa chai yake. Hakucheka, na hilo lilinikera zaidi ya kucheka. Mzee ni mtu mzima sana sasa, mwanawe aliniambia baadaye kwamba siku nyingine hakumbuki hata jina la mkewe. Lakini siku nyingine ana akili timamu, na sijui niliipata siku ipi. Nimelala nikiwaza: kama kamba haikuwepo, nani alinifundisha? Na kama haikuwepo, vidole vyangu vinasoma nini kwenye kadibodi ile? Vinasoma kilichopo, au vinasoma nilichokipanga mwenyewe? Kila asubuhi nakitoa nyuma ya kabati nakipapasa tena. Kuna siku nasoma USIINGIE yote, herufi kwa herufi, naweza kuapa kanisani. Kuna siku ni kadibodi tu. Mke wangu ameniomba nikichome. Nimekataa.

Wakwe zangu wako Kishapu. Nilipokwenda msibani kwa magongo, ndugu zake Shija walinipokea kwa adabu ambayo ni mbaya kuliko matusi. Hakuna aliyenisogezea kiti mpaka mama mkwe mwenyewe aliposogeza. Alikaa mbele yangu, akaniuliza jambo moja tu, kwa Kisukuma, polepole, kama anayeuliza njia. Aliniuliza: "Mwanangu alisoma kibao akaingia. Kiliandikwa aingie, au kiliandikwa asiingie?"

Nikamwambia, "Mayu," yaani mama, "sijui."

Akasema, "Wewe si ndiye uliyeandika?"

Wapo wanaosema nimkubalie tu kwamba nilikosea, yaishe. Siwezi. Sikununua kopo la stendi. Sikusema kijani cha nini. Sikukagua shimo, sikupigilia kibao, sikupoteza daftari. Nilisoma kilichokuwepo, kama alivyosoma Shija, kama ambavyo angesoma mtu yeyote. Lakini pia siwezi kumwambia mama yule kwamba najua, maana sijui, na waliopaswa kujua wanakunywa soda.

Ninyi vijana mna simu, mna mitandao, maandishi haya myafikishe. Majina yao nimeyaandika wazi. Gervas Maziku, mwenye kiwanda. Deo Kabadi, katibu wa kikundi. Gervas na Deo, sitaki mje kwangu Ngokolo, sina haja na pole zenu. Pandeni basi mwende Kishapu, mkae chini mbele ya yule mama, bila mwanasheria, bila chai, mmweleze shimo aliloingia mwanawe mliliandika zima au mliliandika bovu. Mmoja wenu anajua. Amjibu.